Kigango Kisicho na Tabernakulo: Kristo Yupo Nasi kwa Namna Zipi?



Injili ya Mathayo imewekwa kati ya ahadi mbili zinazolingana. Katika sura ya kwanza (1:23) mtoto atakayezaliwa anapewa jina la Emanueli, na mwinjili mwenyewe anatufasiria kwamba maana yake ni Mungu aliye pamoja nasi. Katika aya ya mwisho kabisa (28:20) mtoto yule yule, sasa akiwa Bwana Mfufuka juu ya mlima wa Galilaya, anawahakikishia wale kumi na mmoja kwamba hatawaacha hata siku moja. Mathayo hasimulii Kupaa Mbinguni. Anaishia pale pale kwenye ahadi. Ni Luka anayetuambia kuwa Bwana aliinuliwa na wingu likamficha machoni pa wanafunzi (Mdo 1:9). Tukizisoma habari hizi kwa pamoja, swali linazuka lenyewe: aliyechukuliwa juu anawezaje kuwa amebaki?

Swali hili haliishii darasani. Katika kazi za kichungaji wakati wa likizo nilipangiwa kigango ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi, na masika yakikolea hata miezi miwili hupita. Jumapili moja, baada ya Ibada iliyoongozwa na katekista, bibi mmoja alinisogelea akasema: “Frateri, kule parokiani watu wakipita mbele ya kanisa hufanya ishara ya msalaba kwa sababu Yesu yumo. Sisi huku tukipita hapa tunamsalimu nani?” Kanisa lao ni la tofali za kuchoma. Halina tabernakulo, halina ile taa nyekundu inayowaka usiku na mchana. Bibi yule hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kama wao wa kigangoni ni Wakristo wa daraja la pili.

Yapo majibu mawili ya mkato, na yote mawili nimeyasikia. La kwanza husema: Yesu yuko parokiani, huku kuna sala tu, mvumilie mpaka padre aje. La pili husema: Mungu yuko kila mahali, kwa hiyo msihangaike, hata Misa si lazima sana. Jibu la kwanza linavunja moyo. La pili linafariji kwa muda, kisha linawaondoa watu kanisani polepole. Naona yote mawili yanatokana na kosa moja la kufikiri juu ya maana ya “kuwapo”.

Kuwapo kila mahali, na kuwa pamoja

Tuanze na jibu la pili, maana ndilo linalosikika la kiroho zaidi. Ni kweli Mungu yupo kila mahali. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae (swali la 8), anafundisha kwamba Mungu yumo katika vitu vyote kwa uweza wake, kwa kuwa vyote viko chini yake. Kwa uwepo wake, kwa kuwa vyote viko wazi mbele yake. Na kwa dhati yake, kwa kuwa ndiye anayevipa kuwapo. Hayumo kama kiti kilivyo chumbani. Yumo kama chanzo kinachovishikilia vitu visirudi katika utupu. Hapa ndipo somo la Metafizikia, ambalo mafrateri wengi hulinung’unikia mwaka wa kwanza, linapoanza kulipa.

Lakini angalia. Kwa namna hiyo Mungu yumo pia katika jiwe, katika muhindi ulioko shambani, na katika mtu asiyetaka hata kumsikia. Kama hiyo ndiyo ingekuwa ahadi ya Mathayo 28, Yesu asingekuwa ameahidi jambo jipya. Jiwe lingekuwa nayo tangu kuumbwa kwake. Anayeahidi pale mlimani ni Mwana wa Mungu aliyefanyika mtu, aliyezaliwa na Maria, mwenye makovu ya misumari mikononi. Tena anaahidi kuwa pamoja na watu, na neno “pamoja” ni la wanaojuana. Hatusemi kwamba mtu yuko pamoja na meza yake.

Toma analijua hilo. Mbele zaidi katika sehemu hiyo hiyo (swali la 43) anaeleza kwamba kuna namna ya pekee ambayo Mungu huwapo katika kiumbe chenye akili: kama anayejulikana alivyo ndani ya anayemjua, na kama anayependwa alivyo ndani ya anayempenda. Hii ni kazi ya neema, wala haitokei kwa sababu tu kitu kimeumbwa. Ndiyo ambayo Yesu anaizungumzia anapofundisha kwamba yeye na Baba watafanya makao kwa yule ampendaye na kulishika neno lake (Yn 14:23).

Kwa hiyo anayeuliza, “Mungu si yupo hata chini ya mwembe, kwa nini nitembee saa mbili kwenda Misa?” amesema kweli juu ya mwembe. Juu ya ahadi ya Kristo hajasema chochote bado.

Kupaa kwake si kutuaga

Jibu la kwanza nalo linamwazia Kristo kama sisi tulivyo: akiwa huku, hayuko kule. Kwa muda ilikuwa hivyo kweli. Alipokuwa Kapernaumu hakuwa Yerusalemu. Lazaro alipougua, Yesu alikuwa ng’ambo ya Yordani, na Martha hakuuficha uchungu wake alipomwambia kwamba angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa (Yn 11:21). Malalamiko ya Martha ni ya umbali, na kila kigango kinayaelewa. (Ingawa tukumbuke pia mtumishi wa yule akida, aliyeponywa bila Yesu kufika nyumbani kwake, Mt 8:5-13. Hata kabla ya Pasaka umbali haukuwa na neno la mwisho.)

Usiku wa kuamkia mateso yake Yesu anasema jambo ambalo wanafunzi hawakuweza kulipokea kirahisi: kuondoka kwake kutawafaa, kwa maana asipoondoka Msaidizi hatakuja kwao (Yn 16:7). Sisi tungedhani kinyume, kwamba heri angebaki Galilaya, nasi tuchange nauli ya kwenda kumwona. Lakini fikiri jinsi Kanisa la namna hiyo lingekuwa. Lingekuwa Kanisa la wenye nauli.

Siku ya Ufufuko, wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau na mgeni wasiyemtambua. Wanamtambua katika kuumega mkate, na papo hapo anatoweka machoni pao (Lk 24:31). Siku zote habari hii hunishangaza hapo. Tungetegemea walie. Luka anasema walisimama saa ile ile, na giza limeshaingia, wakarudi Yerusalemu. Hawakuachwa peke yao. Walikuwa wamefundishwa mahali pa kumkuta, yaani katika Maandiko yaliyofafanuliwa njiani na katika mkate uliomegwa mezani. Mtakatifu Leo Mkuu, Papa wa karne ya 5, akihubiri juu ya Kupaa Bwana, alieleza kwamba yale yaliyokuwa yakionekana katika Mkombozi wetu yamehamia katika Sakramenti.

Njiani kuelekea Damasko Saulo naye anajifunza hayo kwa ukali. Alikuwa anawasaka Wakristo wa mji ule. Sauti inayomwangusha haimwulizi kwa nini anawatesa wanafunzi. Inamwuliza kwa nini anamtesa yeye, Yesu (Mdo 9:4-5). Mtakatifu Augustino alilifafanua tukio hili kwa mfano ambao mtu yeyote aliyewahi kubanwa ndani ya daladala ataukubali: mtu akikukanyaga mguu katika msongamano, ulimi ndio unaolalamika kwamba “umenikanyaga”, wakati ulimi wenyewe haujaguswa. Kichwa kiko mbinguni, viungo viko Damasko, na mwili ni mmoja.

Namna nyingi, Kristo mmoja

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu (Sacrosanctum Concilium, 4 Desemba 1963), namba 7, unaorodhesha namna Kristo anavyokuwapo katika matendo ya kiliturujia ya Kanisa lake. Yupo katika sadaka ya Misa, katika nafsi ya mhudumu na hasa katika maumbo ya Ekaristi. Yupo kwa nguvu yake katika Sakramenti, hata mtu anapobatiza ni Kristo mwenyewe anayebatiza. Yupo katika Neno lake, maana ndiye anayesema Maandiko Matakatifu yanaposomwa katika Kanisa. Yupo Kanisa linaposali na kuimba zaburi, kadiri ya ahadi yake kwa wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake (Mt 18:20). Papa Paulo VI, katika ensiklika Mysterium Fidei ya tarehe 3 Septemba 1965, aliongeza na matendo ya huruma: Kristo yumo katika Kanisa lake linapomhudumia mdogo, akipokea kile tunachomtendea, na akikitenda mwenyewe kwa mikono yetu.

Sasa rudi kwenye Ibada ya Jumapili katika kigango chochote. Watu wamekusanyika kwa jina lake. Injili imesomwa. Zaburi imeimbwa, pengine kwa sauti moja bila kinanda. Sadaka imekusanywa na sehemu yake inakwenda kwa mgonjwa wa Jumuiya. Katika hayo yote Kanisa halifundishi kwamba tunamkumbuka Kristo aliye mbali. Linafundisha kwamba yupo. Anayepita mbele ya kanisa lile la tofali na kufanya ishara ya msalaba anaukiri ukweli huo, na ni ishara inayostahili kabisa, ingawa hapigi goti kama mbele ya tabernakulo.

Naliweka mbele zaidi hili la Neno, kwa kuwa ndilo tunalolichezea. Origene, mwalimu wa karne ya 3, katika mahubiri yake juu ya kitabu cha Kutoka, aliwakumbusha waamini jinsi walivyokuwa waangalifu kupokea Mwili wa Bwana isianguke hata chembe moja. Kisha akawauliza inakuwaje wanafikiri kulipuuza Neno la Mungu ni kosa dogo kuliko hilo. Msomaji anayekabidhiwa kitabu mlangoni, asiyejua somo ni la nabii gani, anaangusha chembe nyingi sana. Katika kanisa lenye tabernakulo jambo hilo ni baya. Katika kanisa lisilo nayo ni baya zaidi, kwa maana Neno ndiyo meza pekee iliyoandaliwa siku hiyo.

Kwa nini basi tunapiga goti mbele ya Ekaristi?

Mtu anaweza kusema: kama Kristo yupo katika hayo yote, Ekaristi inaongeza nini? Paulo VI alijibu katika ensiklika ile ile. Uwepo wa Ekaristi unaitwa halisi, na haina maana kwamba namna nyingine si halisi. Unaitwa hivyo kwa kupita zote, kwa sababu ni uwepo wa dhati: Kristo mzima, Mungu na mtu.

Katika namna nyingine Kristo yupo kwa kutenda kupitia kitu kinachobaki kilivyo. Maji ya Ubatizo yanabaki maji. Msomaji anabaki msomaji. Katika Ekaristi mkate haubaki mkate. Kiini chote cha mkate kinageuka kuwa Mwili wa Kristo na kiini chote cha divai kuwa Damu yake, huku maumbo yakibaki, yaani rangi, ladha, uzito na yote yanayofikiwa na hisi zetu. Kanisa huita badiliko hili transubstansiasio, na Mtaguso wa Trento ulilitangaza rasmi mwaka 1551. Kwa sababu hiyo hatuabudu maji ya Ubatizo, lakini Ekaristi tunaiabudu.

Trento pia ulifundisha kwamba hakuna mgongano kati ya Kristo kukaa kuume kwa Baba kwa namna yake ya asili, na kuwapo kwetu mahali pengi kwa namna ya kisakramenti. Toma alikwisha kuandaa njia (sehemu ya tatu, swali la 76). Mwili wa Kristo, anasema, haumo katika Sakramenti kama kitu kilivyo mahali, kwa kipimo cha urefu na upana wake. Umo kwa namna ya kiini, na kiini chote kimo katika kila sehemu. Hostia ikimegwa, Kristo hamegwi. Padre akibeba Komunyo kwa baiskeli kwenda kwa mgonjwa, maumbo ndiyo yanayosafiri. Kristo haondoki alikokuwa ili afike.

Hapo jibu la kwanza la mkato linaanguka. Hata katika tabernakulo, Kristo hafungiwi kama fedha katika kasha, hata tuseme akiwa humo hayuko kwingine. Lakini jibu la pili nalo halipati nguvu, kwa maana uwepo huu wa dhati hauna mbadala. Mkate ule mmoja ndio unaotufanya tulio wengi kuwa mwili mmoja (1Kor 10:17). Neno linalosomwa kigangoni linaelekea mezani, kama lilivyoelekea njiani kwenda Emau. Mtu akisikia Neno vizuri, atatamani Misa zaidi. Asipotamani, ajichunguze alisikia nini.

Buganda, 1882 hadi 1885

Kanisa letu la Afrika Mashariki lilijaribiwa katika jambo hili mapema kabisa. Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans mwezi Februari 1879. Novemba 1882, hali ikiwa ya mashaka katika ikulu ya Kabaka Mutesa, wamisionari waliondoka wakavuka Ziwa Viktoria hadi upande wa kusini, ambako mwaka 1883 walianzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Walirudi Julai 1885, wakati Mutesa ameshafariki na mwanawe Mwanga ameshika kiti. Zaidi ya miaka miwili na nusu hapakuwa na padre. Hapakuwa na Misa.

Walioachwa walikuwa Wakristo wachanga mno. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu tarehe 28 Mei mwaka huo huo. Yaani Ubatizo wao ulikuwa na miezi sita hivi. Kwa hesabu ya jibu la kwanza, Kristo alivuka Ziwa pamoja na wamisionari na jamaa ile ingepaswa kuzimika. Haikuzimika. Walisali pamoja, walifundishana, na mapadre waliporudi walikuta jamaa ya waamini imeongezeka.

Je, walihitimisha kwamba padre hahitajiki? Tazama mwenendo wa Karoli Lwanga. Tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe aliuawa kwa amri ya Mwanga. Siku hiyo hiyo Lwanga, ambaye alikuwa bado mkatekumeni, alikwenda kwa mapadre akabatizwa. Padre alikuwapo, naye akamkimbilia. Miezi sita baadaye, usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Mei 1886, huko Munyonyo, hapakuwa na padre, na kulikuwa na vijana ambao kesho yake wangehukumiwa, akiwamo Kizito. Lwanga akawabatiza kwa mkono wake. Mtu yule yule alijua kumtafuta Kristo katika huduma ya padre inapopatikana, na kumwamini katika Sakramenti ambayo hata mlei anaweza kuitoa wakati wa hatari. Kwa maneno ya Mtaguso, usiku ule Munyonyo aliyebatiza alikuwa Kristo. Tarehe 3 Juni Lwanga na Kizito walikufa kwa moto Namugongo. Aliyewatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 ni Paulo VI, ambaye kabla ya mwaka kuisha aliandika Mysterium Fidei.

Ibada ya Jumapili pasipo padre

Mwaka 1988 Vatikano ilitoa mwongozo juu ya ibada za Jumapili pasipo padre. Umejengwa juu ya mizani hii hii. Ibada ifanyike, watu wakusanyike, Neno litangazwe kwa heshima. Lakini isifanyike mahali ambapo Misa ya Jumapili hiyo imeadhimishwa au itaadhimishwa, na isiandaliwe kwa namna ya kuwachanganya waamini wakadhani wameshiriki Misa. Sala ya Ekaristi haisaliwi. Pale ambapo Komunyo inaletwa kutoka parokiani, waamini waelezwe kwamba inatoka katika Misa iliyoadhimishwa kwingine. Ningependa makatekista waitaje parokia yenyewe kwa jina katika maombi, kwa mfano kwamba saa hii paroko wetu anaadhimisha Misa mahali fulani, nasi tumo katika sadaka hiyo. Ni sentensi moja tu, haichukui muda.

Mwongozo huo unaagiza pia kwamba mlei anayeongoza asikalie kiti cha padre. Vigangoni nimesikia watu wakilichukua hili kama dharau kwa katekista, ambaye mara nyingi ndiye aliyewafundisha wote waliomo kanisani, tena bila mshahara wa kueleweka. Si dharau. Katekista anakaa upande, Neno linatangazwa, Kristo anasema na watu wake, na kiti kile kinabaki kitupu mbele ya macho ya wote kwa sababu kuna mtu anayesubiriwa. Watoto wa kigango wanakitazama kila Jumapili. Baadhi yetu tulioko seminarini tulikulia mbele ya kiti kama hicho.